Shajara ya Kutegua Mitego, Msitu wa Arabuko-Sokoke

Januari

Sisi ni kikundi cha kujitolea tunaotafuta na kutegua mitego ya wawindaji katika msitu huu wa pwani ya Kenya. Tumeanzia upande wa Gede kwa sababu moja tu: nauli. Wengi wetu tunakaa kati ya Gede, Mijomboni na Watamu, na mtu anayejitolea huwezi kumwambia ajilipie matatu hadi Dida kabla hajajua kama kazi yenyewe ataiweza. Tuko waongoza wageni wawili, mwalimu mstaafu, mama mwenye mizinga ya nyuki ukingoni mwa msitu, vijana waliomaliza Kidato cha Nne na hawajajua waelekee wapi, na mwendesha bodaboda ambaye huja siku biashara ikilala.

Kila tukiingia, tunaingia na askari wa KFS (shirika la misitu) au wa KWS (shirika la wanyamapori) mwenye bunduki. Huu ni msitu wa serikali, ulitangazwa kwenye gazeti rasmi mwaka 1943, na hakuna ruhusa ya mtu kujizururia humo nje ya njia eti kwa kuwa amekuja kusaidia. Tena mna ndovu. Kwenye kichaka kizito unaweza kumkaribia ndovu hadi ukasikia tumbo linavyonguruma na bado hujamwona, na hapo la kufanya ni kurudi mlikotoka, kimya, bila ubishi wa nani alisikia nini.

Kwa asiyeujua: ukitoka Malindi kuelekea Mombasa, msitu uko mkono wa kulia, na ni kilomita za mraba 420 hivi. Ndicho kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ila ukiingia ndani utakuta kwamba ni misitu mitatu. Mashariki, karibu na lami, ni msitu mchanganyiko wenye mbambakofi. Katikati, kwenye mchanga mweupe, ni mrihi, miti iliyoachana ambayo jicho linapita kati yake. Magharibi, kwenye udongo mwekundu, ni mfunda, na huko unatembea umeinama nusu ya siku. Tumekubaliana kuandika kila mara tulikuwa kwenye msitu upi, maana tunavyoona kwenye mrihi sivyo tutakavyoona kwenye mfunda.

Fomu ameichora mwalimu. Ina nafasi ya idadi ya watu, saa ya kuingia na kutoka, umbali kwa GPS ya simu, aina ya waya, kama mtego umetegwa au umefyuka, kutu, na mabaki ya mnyama kama yapo. Kijana mmoja aliuliza kwa nini tujaze fomu hata siku tusipopata kitu. Mwalimu akamjibu kwamba siku hiyo ndiyo ya kuijaza vizuri zaidi.

Februari

Jua la kaskazi limekausha kila kitu. Majani yanalia chini ya viatu, na mnyama anajua tuko wapi kabla hatujashuka barabarani.

Mama wa nyuki ametuletea shemeji yake. Mzee huyu aliwinda ujanani, hafichi, na wala hajifanyi ameokoka. Aliacha kwa sababu magoti yalikataa. Siku ya kwanza alitembea nyuma ya safu bila kusema neno, kisha akaniita pembeni.

"Mwanangu, wewe unatafuta waya. Waya hutauona. Tafuta kazi ya mtu."

Akatuonyesha. Paa hupita njia zilezile kila siku, vichochoro vyembamba kwenye majani. Mtegaji hukata vijiti na kujenga ua mfupi, usiofika hata goti, unaokatiza vichochoro hivyo, na kila penye kichochoro huacha mlango. Kitanzi kiko mlangoni. Mnyama mdogo harukii ua, hufuata ua hadi apate pa kupita. Kwa hiyo kitu cha kutafuta ni kijiti kilichokatwa mshazari kwa panga, mche uliopindwa ukaelekea chini kinyume na wenzake, au mahali majani makavu yamefagiliwa kidogo kuliko kawaida. Ukishauona ua mmoja, unaufuata huku na huku, kwa sababu hakuna anayejenga ua kwa ajili ya kitanzi kimoja.

Mitego yenyewe ni ya namna mbili. Kuna wa kufungwa kwenye mzizi au gogo, ambao mnyama hujinyonga mwenyewe kwa kuvuta. Na kuna wa kufyuka: mche mbichi umepindwa, umeshikwa na kijiti chembamba, na paa akigusa tu anarushwa juu. Urefu wa kitanzi kutoka ardhini unakuambia kilitegewa nani. Vidole vinne ni paa au sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu. Kimo cha goti ni mbawala. Kikiwa kipana na waya ni mnene, mtu alikuwa anamtaka nguruwe mwitu.

Nyaya tulizozikusanya mwezi huu nyingi ni za klachi na breki za pikipiki. Mwendesha bodaboda wetu alizigeuza mkononi moja moja akitaja aina ya pikipiki, akanyamaza, kisha akasema atawauliza mafundi wa Gede waya wa zamani hupelekwa wapi. Sikutegemea kwamba atakuwa na kazi kubwa kuliko ya kutubebea maji.

Machi

Tumepata sange kwenye kitanzi.

Wageni wanaokuja Arabuko huja kwa ajili ya ndege, na wana haki, maana ndege ni zaidi ya aina 230. Lakini mimi mnyama wangu ni sange mwenye matako ya dhahabu. Ana uzito wa nusu kilo na ushee, pua ndefu inayotembeatembea, miguu myembamba kama ya paa, na nyuma amepakwa manjano kana kwamba amekalia rangi mbichi. Hufukua majani makavu mchana kutwa akitafuta wadudu, na mara nyingi kurumbiza humfuata nyuma akiokota wanaomponyoka. Akishtuka, hupiga mkia kwenye majani kumwambia adui kwamba ameshaonekana, kisha hutoka mbio. Huishi dume na jike, kila jozi na eneo lake, na hulala kwenye lundo la majani ambalo asiyejua angelikanyaga. Chini ya ile manjano ngozi ya dume ni nene, kwa sababu madume wakifukuzana huumana hapohapo. Sehemu kubwa ya sange hawa waliopo duniani wako kwenye msitu huu.

Huyu alikuwa ameshakufa, siku moja au mbili kwa makadirio ya mzee. Kilichotuudhi ni kwamba mtego ulikuwa na kutu, ua umeanguka, na vijiti vya mkato vimeshaota ukungu. Mwenye mtego aliuacha zamani. Pengine alihama, pengine alisahau, pengine alikamatwa. Waya haukujua. Ulibaki pale wazi, ukamsubiri mnyama ambaye hakuna mtu angemla.

Hapo ndipo ulipozuka mjadala ambao mpaka leo haujaisha. Tukikuta mtego mpya, askari wana haki ya kusema tusiuguse, wauvizie, wamkamate mwenyewe. Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haimwachii hata anayewinda kitoweo cha nyumbani. Naelewa hoja yao: ukitegua bila kumkamata mtu, kesho anarudi na waya mwingine. Lakini kuvizia kunataka askari walale porini, na hawatoshi. Mara nyingi ninachokiona ni mtego ulioachwa "kwa uchunguzi" halafu hakuna anayerudi. Msimamo wangu niliuandika kwenye fomu siku hiyo na nauandika tena hapa: kama hakuna askari atakayekaa hapo usiku uleule, mtego uteguliwe mchana uleule. Askari aliyekuwa nasi alikubali kwa upande wake, akasema hawezi kuwasemea wakubwa zake. Kwa hilo nilimheshimu.

Aprili na Mei

Masika. Hatukuingia sana. Njia za upande wa Jilore ziligeuka tope, na mvua hufuta kila alama. Kwera wa Clarke, ndege wa manjano na meusi asiyepatikana popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi, hawaonekani msituni miezi hii. Viota vyao vilikuwa kitendawili hadi 2013, vilipoonekana kwenye mabwawa ya msimu huko Dakatcha, kaskazini mwa Malindi. Nasema hivi kwa wanaoniuliza kwa nini tusiuzungushie Arabuko ukuta tukamaliza kazi. Ndege wetu wenyewe wanazalia nje.

Mafundi wa pikipiki wawili wamekubali kutuwekea waya uliochakaa kwenye ndoo badala ya kuutupa au kumpa anayeomba. Mmoja alikataa. Hakueleza sababu.

Juni

Kazi ya mwezi huu ilikuwa kufyeka chini ya ua wa umeme unaozuia ndovu wasiingie mashambani. Nyasi zikigusa waya, umeme unazama ardhini na ndovu anajua kabla ya fundi kujua. Kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri, na ndiyo maana watu walikuwa wachache. Waliokuja wengi walikuwa wenye mahindi karibu na ua, ambao kwao ndovu si picha ya kalenda.

Sehemu moja tulikuta waya umekatwa na kipande hakipo. Askari alisema ni wezi wa kawaida. Mzee alipima kwa mkono urefu wa kipande kilichokosekana, akapiga hesabu ya vitanzi, akatikisa kichwa.

Julai

Tumehamia magharibi kwa mara ya kwanza, upande wa Dida, kwa lori la kuazima. Dida ina historia yake. Miaka ya 1990, kabla sheria ya misitu haijatoa nafasi kwa wanakijiji, hapa ndipo serikali ilipojaribu kwa mara ya kwanza kuwashirikisha katika utunzaji wa msitu. Kwa hiyo huwezi kufika Dida ukajitambulisha kama mtu uliyeleta wazo jipya. Wazee walitupokea kwa adabu na maswali magumu. Mmoja aliuliza: "Nyinyi mwatoka Gede, kwenye watalii. Huku sisi mtalii hatumwoni. Tukiacha msitu, twapata nini?" Mwenyekiti wa chama cha jamii cha msitu alianza kumjibu kwa hotuba ya hewa safi na mvua. Mama wa nyuki akamkatiza kwa heshima, akataja bei anayouzia asali yake kwa kilo. Kikao kikachangamka.

Kwenye mfunda kazi ni nyingine kabisa. Huoni hatua tano mbele. Safu inakatika, watu wanaitana, miiba inavua kofia. Kuna bundi mmoja mdogo sana anayeishi kwenye kichaka hiki, bundi wa Sokoke, hazidi urefu wa kiganja na nusu, wa kijivu, kahawia au mwekundu. Sayansi ilimfahamu miaka ya 1960 tu, na nje ya hapa anajulikana Usambara Mashariki. Mwongoza wageni wetu alituonyesha wawili wamelala wamegandamana. Ndiyo dakika pekee ya siku hiyo ambayo hakuna aliyelalamika.

Mitego tuliyoipata Dida ni michache kuliko ya Gede.

Agosti

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuletea kazi ya mwezi mzima.

Mtu mmoja kwenye kikundi, mwenye nia njema, aliandaa taarifa ya kupelekwa kwa wafadhili watarajiwa: tangu Januari mitego tunayopata upande wa Gede imepungua, na upande wa Dida ni michache tangu mwanzo, kwa hiyo msitu unapona. Mwalimu alikataa kuitia sahihi, na mimi pia. Kupata michache si sawa na kuwapo michache. Inawezekana watu wameacha. Inawezekana pia wamesogea ndani zaidi kwa sababu wanajua tunaanzia barabarani. Inawezekana wanawinda usiku kwa tochi na mbwa, njia ambayo haiachi waya hata mmoja. Na kwenye mfunda inawezekana tunaipita tu.

La mwisho linaweza kujaribiwa, tukalijaribu. Mzee na kijana mmoja waliingia mapema, pamoja na askari, wakaweka vitanzi vilivyofungwa fundo ili visikaze, kila kimoja na alama yake kwenye GPS, baadhi kwenye mrihi na baadhi kwenye mfunda. Sisi wengine tukaja na safu yetu ya kawaida bila kuambiwa viko wapi. Kwenye mrihi tulijitahidi. Kwenye mfunda vingi tulivipita, vingine mtu amevipita kwa hatua mbili. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Vitanzi vyote viliondolewa siku hiyohiyo na kuhesabiwa mbele ya askari, maana jaribio la namna hii likiacha kitu nyuma ni uhalifu wetu wenyewe.

Kwa hiyo tumebadilisha mambo. Kwenye mfunda watu wanakaribiana zaidi na wanakwenda polepole, hata kama eneo tunalomaliza linakuwa dogo. Tumechagua viwanja ambavyo tutavirudia kila baada ya miezi michache, vilevile, kwa idadi ileile ya watu, badala ya kwenda kila mara mahali tunapohisi tutapata kitu. Kwenda panapohisiwa kunajaza gunia vizuri sana, lakini hakukuambii kama mambo yanakuwa mazuri au mabaya. Na taarifa sasa inasema: tumepata kiasi hiki, kwa watu hawa, kwa saa hizi, kwenye kichaka cha aina hii. Haina mvuto. Mfadhili mmoja ameomba tumletee picha ya mnyama aliyeokolewa. Hatuna.

Septemba

Mahindi yamevunwa, na si vizuri kwa kila mtu. Tulikaa Mida na wazazi wachache na mzee wetu kuzungumza juu ya nani anatega na kwa nini. Kuna hadithi tamu inayopendwa kwenye semina, kwamba kila mtegaji ni mtu mwenye njaa. Mzee hakuikubali yote. Alisema anayetega kwa ajili ya sufuria yake hutega karibu na shamba, vitanzi vichache, na hupita kuvitazama kila asubuhi kwa sababu nyama ikioza ni hasara yake. Anayetega kwa kuuza hujenga ua mrefu ndani kabisa na hurudi anapoweza. Wa pili ndiye anayeacha mizoga, na ndiye anayeacha waya.

Nadhani tofauti hiyo ni ya maana kuliko semina nyingi nilizokaa. Wa kwanza anaweza kuvutwa na kitu kingine. Mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Kitaifa, unanunua kutoka kwa wakulima mabuu yaliyokwisha kujifunga, tayari kugeuka vipepeo, na kuyauza kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani. Mkulima anahitaji msitu uwepo ili apate mbegu ya vipepeo na majani ya kuwalisha. Mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, tangu 2001, unasaidia karo ya sekondari kwa watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu, sehemu kwa pesa ya wageni wanaopita kwenye njia ya mbao inayokatiza mikoko ya Mida. Mzazi mmoja kwenye kikao alisema wazi: mtoto wake wa kwanza alisomeshwa hivyo, na tangu hapo yeye mwenyewe hufukuza watu wenye mbwa.

Wa pili, muuzaji, sidhani anaguswa na mizinga wala vipepeo. Huyo ni wa askari na wa mahakama. Na kuna wa tatu ambaye hatukumzungumzia kikaoni: anayenunua. Nyama haitembei yenyewe kutoka Kararacha, huko msituni, hadi kwenye meza.

Oktoba

Koleo letu zuri limevunjika. Nyaya zimejaza pipa kwenye stoo ya kituo cha Gede na sasa kuna swali la zikae wapi. Mtu alipendekeza zitengenezwe sanamu za ndovu za kuuzia watalii. Sina ugomvi na sanamu, ila kabla waya haujatoka stoo nataka kuuona umekatwa vipande vifupi kuliko kiganja. Waya mzima ukitoka mlangoni, siwezi kusema utaishia wapi.

Yule fundi aliyekataa mwezi wa tano ameleta ndoo yake. Imejaa. Bado hakueleza sababu.

Novemba

Mvua za vuli zimeanza kwa kusitasita. Tumerudia viwanja vya Agosti. Kwenye mrihi, viwanja viwili havikuwa na mtego mpya hata mmoja, na hapo nina imani na macho yetu, kwa hiyo nimeandika "hakuna" bila mabano. Kwenye mfunda tulipata zaidi ya Agosti. Kijana aliyejaza fomu alikunja uso akidhani ni habari mbaya. Inawezekana ni mbaya. Inawezekana pia ni kwa sababu sasa tunatembea polepole na tumejifunza kuona kijiti kilichokatwa mshazari, kwani baadhi ya nyaya zilikuwa na kutu ya muda mrefu, maana yake zilikuwepo Agosti tukazipita. Zenye kutu tumeziandika kando na mpya. Mpya peke yake hazitoshi kusema lolote kwa sasa.

Mzee anataka tulirudie lile jaribio la vitanzi vya fundo, safari hii aviweke mwanafunzi wake na yeye awe kwenye safu. Anasema atavipata vyote. Vijana wameshawekeana dau la soda.

Desemba watu wengi wanarudi nyumbani kwa sikukuu na nyama inatafutwa, kwa hiyo hatupumziki. Tunaingia Kararacha, ambako hatujawahi kwenda na safu. Kinachohitajika kabla ya hapo: koleo mbili za kukatia waya, glavu, nauli ya watu watatu wa Dida waliosema wako tayari, na barua ya ruhusa ambayo mwalimu ameshaipeleka kituoni na tunangoja muhuri.